Nile ya Jinja imekwisha? Jibu kwa kijana wa Sagana

Swali: "Habari dada. Nina miaka 22, na huu ni mwezi wa 14 tangu nianze kujifunza kayaki (mtumbwi mwembamba wa kasia) hapa Sagana, Kenya. Nikipinduka ninajiinua bila kutoka ndani ya chombo, hata kwenye maji ya daraja la tatu la ugumu. Nimedunduliza nauli ili mwezi wa kwanza niende Jinja, Uganda, lakini wenzangu wananiambia Nile imekwisha, mabwawa yameimeza. Na binamu yangu, ambaye ni fundi wa umeme, hunisema kila tukikutana: eti sisi tunaopinga mabwawa tunatetea mchezo wa wazungu huku watoto wa vijijini wakisoma kwa koroboi. Je, niende? Na binamu nimjibu nini?"

Mdogo wangu, nenda. Nile ya Jinja imepunguzwa sana, lakini haijakwisha, na kilichobaki kitakufundisha mambo ambayo Sagana haiwezi kukufundisha kwa sababu maji yake ni machache kuliko ya Nile. Swali la binamu yako ndilo zito, na ninalichukulia kwa uzito kwa sababu linanihusu mimi mwenyewe. Nimezaliwa bonde la chini la Tana, karibu na Garsen. Maji unayojipindulia wewe Sagana ndiyo yaliyotulea sisi kule chini, baada ya kupita kuta tano za bwawa. Nimeongoza rafti (boti za mpira za kushukia mikondo) na kufundisha uokoaji mtoni kwa miaka 16 sasa, mingi kati ya hiyo nikiwa Jinja. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyeukuta mto ukiwa umefungwa nyumbani kwao, kisha akashuhudia mwingine ukifungwa mbele ya macho yake.

Tuanze na Nile. Mto unapotoka Ziwa Viktoria pale Jinja ulikuwa ukishuka ngazi baada ya ngazi. Ngazi ya kwanza ni ile aliyoiona John Hanning Speke mwaka 1862 na kuiita Ripon. Hiyo haipo. Ilitoweka pamoja na ile ya Owen Falls wakoloni walipojenga bwawa lililofunguliwa mwaka 1954, ambalo leo linaitwa Nalubaale. Mwaka 2000 likaongezwa la Kiira pembeni yake. Kisha likaja Bujagali la megawati 250, lililozinduliwa Oktoba 2012, kilomita chache tu chini ya hayo mawili. Likafuata Isimba la megawati 183 mwaka 2019, na mbali zaidi kaskazini Karuma la megawati 600, lililozinduliwa Septemba 2024. Katika mto mmoja, ndani ya umri wa mtu mzima mmoja, hayo ni mabwawa matano.

Bujagali ndilo ninalotaka ulielewe vizuri. Maporomoko yake hayakuwa marefu. Yalikuwa mapana, maji yakigawanyika kati ya visiwa vyenye miti, kila mkondo na tabia yake. Palikuwa na vijana wa kijijini waliojitosa juu ya poromoko wakiwa wamekumbatia mtungi wa plastiki wa lita 20 uliozibwa mdomo, wakapotea kwenye povu, wakaibukia chini wakipunga mkono, na watalii wakawapa pesa. Watu wengi waliiona kama sarakasi. Mimi niliwatazama kama walimu. Walijua mahali pa kuingilia kwa tofauti ya hatua moja, walijua ni jiwe lipi limefunikwa na maji leo na halikufunikwa jana. Kijana mmoja alinifundisha kusoma maji ya pale kwa kuyasikiliza: alinifumba macho kwa kiganja akaniuliza mkondo wa kushoto una nguvu kuliko wa kulia au la. Baada ya wiki mbili nilianza kupata.

Maji ya bwawa yalipoanza kupanda Novemba 2011, kilichonishtua kwanza ni sauti. Kwa miaka yote niliyolala pale, ngurumo ile ilikuwa kama pumzi ya nyumba. Huisikii tena kwa sababu haikomi. Usiku mmoja niliamka nikidhani mvua imekatika. Mvua haikuwa imenyesha. Mkondo wa karibu na kambi ndio ulikuwa umenyamaza. Asubuhi tulikuta maji yamesimama usawa wa mizizi ya miti, rangi ya chai ya rangi, na yule kijana wa mtungi ameketi ukingoni hana la kufanya. Baadaye alipata kazi ya kuongoza rafti chini ya bwawa. Wenzake wengi hawakupata.

Pale palikuwa pia makao ya Budhagaali, mzimu mkubwa wa Wasoga ambao poromoko lilipewa jina lake. Matambiko yalifanywa ili mizimu ihamishwe kabla ya ujenzi, lakini mzee aliyekuwa mlinzi wake alishikilia kwamba Budhagaali hahamishwi. Uamini usiamini, jua kwamba kwa watu wa kule lile lilikuwa hekalu, na hekalu halipimwi kwa megawati.

Sasa kilichobaki. Kuanzia chini ya ukuta wa Bujagali hadi maporomoko ya Itanda na Kalagala, karibu kilomita 30 kutoka Jinja mjini, mto bado unaanguka. Itanda iko upande wa mashariki, wa Busoga. Kalagala iko magharibi, upande wa Kayunga, kisiwa kikiyatenganisha. Chini ya hapo bwawa la Isimba limerudisha maji tuli hadi kuyafunika mawimbi mawili yaliyowaleta wapiga kayaki wa dunia nzima, Nile Special na Club Wave. Ukisikia wakongwe wa Jinja wakitaja majina hayo wakanyamaza, waache kwanza.

Hata sehemu iliyobaki si mto huru kwa maana kamili, na hili ni la usalama wako. Bomba liko ukutani. Mashine zikifunguliwa nyingi, kama jioni watu wanapowasha taa na kupika, mto hupanda, zikipunguzwa, hushuka. Siku moja nilifunga kayaki yangu kwenye jiwe kavu, nikapanda juu kula rolex (chapati iliyokunjiwa mayai). Niliporudi jiwe halikuwepo, kayaki inaelea mwisho wa kamba katikati ya mkondo. Tangu siku hiyo kila nikifika ukingoni huchagua jiwe, nikaweka alama ya jicho, nikaangalia tena baada ya dakika kumi kabla sijafunga sketi ya kayaki inayozuia maji kuingia. Fanya hivyo kila siku. Na kila asubuhi waulize waongozaji wa pale maji yakoje leo, hawachoki kuulizwa.

Yapo mengine ya Jinja. Uzuri wa Nile kwa mwanafunzi ni kwamba maji ni ya joto, kina ni kirefu, na baada ya kila mkondo wa kasi kuna bwawa la asili lililotulia ambalo humpa aliyetoka ndani ya kayaki nafasi ya kufika ukingoni. Sagana ukipinduka unapiga mawe. Nile ukipinduka unapigwa na maji. Hilo lisikudanganye, nguvu ya maji hayo ni ya aina nyingine kabisa. Unaweza kushikwa chini kwa sekunde nane zikawa kama dakika. Jizoeze kukaa ukiwa umepinduka, umetulia, ukihesabu, kisha ndipo ujiinue. Wanaoharakisha ndio wanaoishia kutoka ndani ya kayaki.

Jifunze pia kusoma shimo, yaani pale maji yanapodondoka juu ya mwamba uliozama, yakapiga chini, na yale ya juu yakajikunja kurudi nyuma. Tazama ncha zake mbili. Zikielekea chini ya mto, litakutema pembeni. Zikijipinda kuelekea juu ya mto, litakushika katikati na kukurudisha tena na tena. Huo ndio utofauti wa kwanza ninaoufundisha, kabla hata ya kasia.

Itanda usiiguse mwaka huu. Simama tu mashariki, kwenye mwamba, saa nzima. Utaona ulimi wa maji laini ya kijani ukiingia katikati kama barabara ya lami, na moyo utakuambia inawezekana. Fuata ulimi huo kwa macho hadi mwisho wake. Unavunjikia kwenye ukuta wa povu, na nyuma ya ukuta huo kuna mwingine, na pembeni kuna miamba ambayo kayaki haitokei upande wa pili. Wapo Waganda waliozaliwa ukingoni hapo wanaoishuka vizuri ajabu. Wamekaa na poromoko hilo tangu wakiwa watoto.

Na kichocho kipo, ziwani na mtoni. Ukirudi nyumbani nenda kituo cha afya, waeleze umeoga Nile, upimwe na upewe prazikwanteli kama itahitajika. Usinunue dukani ukajipimia mwenyewe.

Sasa binamu yako.

Mwambie kwanza kwamba ana haki kwenye jambo moja, na umwambie bila kumung'unya maneno. Mabwawa matano ya Tana, yaani Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, yana uwezo wa karibu megawati 600 kwa jumla, na kwa miongo mingi ndiyo yaliyobeba nchi. Hospitali ziliendeshwa kwa umeme huo. Mtu anayesema mabwawa yote ni maovu hajui nchi yake. Hata juu kwenu iko mitambo midogo ya tangu ukoloni, Wanjii na Sagana Falls na kile cha Tana chenyewe, na bado unapiga kayaki.

Halafu mweleze kwa nini fundi wa umeme na mpiga kayaki hukutana mahali pamoja. Umeme wa maji hutokana na vitu viwili, wingi wa maji na kimo ambacho maji yanaanguka. Poromoko ni mahali ambapo mto umekusanya kimo chake pamoja. Anayetaka mashine anapatafuta hapo hapo tunapopatafuta sisi, ndiyo maana ugomvi huu hautakwisha kwa kuambiana mkahangaike kwingine. Lakini hapo hapo ndipo mazungumzo ya maana yanapoanzia, kwa sababu bwawa halijengwi kwa ndiyo au hapana tu. Lina urefu wa ukuta, mahali pa kujengwa, na ratiba ya kufungulia maji. Chukua mto unaoshuka mita moja kwa kila kilomita: kila mita unayoongeza kwenye ukuta inarudisha maji tuli kilomita nzima nyuma. Mita tatu za zege zinaweza kuwa tofauti ya kijiji kubaki na mashamba yake au kuhama. Watu wakiletwa mezani baada ya michoro kukamilika, mita hizo tatu hawazioni kabisa.

Kalagala ni mfano ulio hai. Benki ya Dunia ilipounga mkono ujenzi wa Bujagali, iliingia mkataba na serikali ya Uganda mwaka 2007 kwamba maporomoko ya Kalagala na Itanda yatengwe kwa uhifadhi, utalii na ibada, yasijengwe bwawa la umeme. Yalikuwa fidia ya kilichozama. Kisha ikaja Isimba chini yake, na maji yake yakagusa sehemu ya eneo lile lile lililotengwa, hadi mkataba ukarekebishwa mwaka 2018. Nilikuwa miongoni mwa waliosoma kurasa hizo kwa sauti kwenye vikao vya kijiji, Kiingereza nikigeuza Kiswahili, mwenzangu akigeuza Kilusoga. Mama mmoja muuza samaki alinyanyua mkono akauliza kama karatasi hiyo imetaja mahali anapofulia watoto wake nguo. Hatukuwa na jibu. Haikuwa imetaja. Nilitambua siku hiyo kwamba tulikuwa tumepigania mawimbi kwa majina yake yote na hatukujua jina la mahali pa kufulia.

Itanda na Kalagala zingalipo, na sidhani karatasi peke yake ndiyo iliyozibakisha. Kila siku kuna watu pale: waongozaji, madereva, wapishi, wanaobeba kayaki kutoka ukingoni hadi barabarani, waganga, wavuvi. Mahali penye watu wengi hivyo ni vigumu kupazamisha kimyakimya.

Kuhusu koroboi, mwambie nami niliisomea. Nilisomea koroboi Garsen miaka mingi baada ya Kiambere kuwashwa mwaka 1988. Nguzo za umeme zilielekea Nairobi, na mto ukatujia sisi ukiwa umebadilika. Wazee wetu walipanda kwa kufuata mafuriko. Mto ulitoka kingoni mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, ukaacha tope jeusi shambani na samaki kwenye vidimbwi vya bondeni, ukarudi. Mpunga, ndizi, maembe, vyote vilitegemea kutoka na kurudi huko. Wafugaji wa Orma nao walishuka na ng'ombe wao kiangazi kwa sababu delta ilikuwa na majani pale nyika ilipokauka. Kuta zilipozidi kuwa nyingi huko juu, mafuriko ya kawaida yakawa madogo na yakapoteza majira. Tope likabaki Masinga. Lakini mvua kubwa ya El Niño ya 1997 ilipokuja, ukuta haukutusaidia kitu, tuliishi juu ya paa la shule siku nne. Bibi yangu alikuwa akisema mto zamani ulikuwa unabisha hodi.

Kwa hiyo binamu akikuambia "mchezo wa wazungu", usianze na mchezo. Anza na Garsen. Mwulize nani aliyelipa gharama ya mwanga wa Nairobi, na kama kuna mtu aliyewahi kumletea risiti.

Na kayaki yenyewe si ya wazungu. Ni chombo cha watu wa Aktiki, Wainuit na jirani zao, waliokitengeneza kwa mbao za kuokota baharini na ngozi ya sili ili wawinde. Neno lenyewe limetoka kwao. Babu yangu alivuka Tana iliyojaa kwa mtumbwi wa gogo, amesimama, pondo mkononi, mamba wakitazama. Ukiwa Sagana umeinamisha nyonga ili kayaki iume maji, unafanya alichofanya yeye.

Kuna hoja nyingine ambayo fundi ataielewa kuliko mimi: maji nayo hukatika. Miaka ya 1999 hadi 2001 ukame ulituingiza kwenye mgao wa umeme Kenya nzima, kwa sababu tulikuwa tumeegemea mto mmoja. Uganda iliyapata hayo hayo kati ya 2004 na 2006. Ziwa Viktoria lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka 80; ukame ulichangia, na mabwawa ya Jinja nayo yalikuwa yakifungulia maji kuliko kanuni iliyokubaliwa tangu ukoloni ya kulinganisha maji yanayotoka na kimo cha ziwa. Mashine ziliongezwa, maji hayakuongezeka. Halafu mwaka 2020 ziwa likapanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964, na mabwawa yakalazimika kumwaga maji usiku na mchana. Mto unaokupa kiu na gharika ndani ya miaka 15 haufai kubebeshwa nchi nzima peke yake. Leo sehemu kubwa zaidi ya umeme wa Kenya inatoka kwenye mvuke wa ardhini, Olkaria na kwingineko, na upepo wa Turkana unaongeza megawati 310. Uganda, baada ya Karuma, uwezo wake umepita megawati 2,000, wakati mahitaji ya kilele yalikuwa karibu nusu ya hapo. Shida ya kijiji kisicho na umeme mara nyingi ni nyaya, nguzo na bei ya kuunganishiwa. Poromoko moja zaidi likizamishwa, nyaya hizo hazijileti.

Tanzania wana mfano mmoja ambao watu huutaja kwa kejeli, nami naomba usiutaje hivyo: vyura wa Kihansi. Pale Udzungwa, mto ulianguka korongoni na kurusha ukungu wa maji usiokoma, na kwenye kipande kidogo cha majani kilicholowa ukungu huo aliishi chura mdogo wa manjano asiyepatikana popote pengine duniani, asiyetaga mayai bali huzaa. Bwawa la megawati 180 lilipochepusha sehemu kubwa ya maji, ukungu ukakoma. Sayansi ilimpa jina mwaka 1999. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Aliyebaki aliokolewa na bustani za wanyama za Marekani, akarudishwa Tanzania azalishwe, na mabomba yakawekwa korongoni yamnyunyizie maji. Fikiria hilo kwa utulivu: tuliuondoa ukungu wa bure, tukaweka wa kununua. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hapakuwa na mtu aliyekaa pale muda wa kutosha kuona kilichokuwepo kabla kalamu hazijasaini.

Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kukupa, maana wewe unakaa pale. Mpiga kayaki anaujua mto jiwe kwa jiwe, msimu kwa msimu, na ujuzi huo hauna bei ukiandikwa. Kwenye mto Vjosa wa Albania wapiga kayaki walishuka mto pamoja na wanasayansi na wanakijiji kwa miaka, wakipima, wakihesabu viumbe, wakienda mahakamani, hadi Machi 2023 mto wote ukatangazwa hifadhi ya taifa pamoja na vijito vyake vikuu. Na Klamath, Marekani, mabwawa manne yalibomolewa, la mwisho mwaka 2024, baada ya miongo ya madai ya makabila ya asili ambayo chakula chao ni samaki salmoni. Mwaka 2025 vijana wa makabila hayo, waliofundishwa kayaki kwa ajili hiyo hasa, walipiga kasia siku 30 kutoka vijito vya juu hadi baharini. Nilipoona picha yao wakifika pwani, bibi zao wamesimama mchangani, nililia. Niliwaza Garsen.

Hapa kwetu, anza hivi. Chagua jiwe moja Sagana ambalo halisogei, lipige picha mahali pale pale kila Jumapili, uandike tarehe na maji yamefika wapi. Daftari la shilingi 50 linatosha. Hesabu watu wanaokula kutokana na mto ukiwa unateremka: waongozaji, wapishi wa kambi, mama wa chapati, wa bodaboda, wavuvi, wanaochota mchanga pia, hata kama hampatani nao. Uliza wazee majina ya kila mkondo kwa lugha ya nyumbani, na uliza wanapofulia nguo ni wapi. Tana ina mipango ya mabwawa inayotajwa na kutajwa tena, High Grand Falls ikiwa kubwa kuliko yote, na siku ripoti ya tathmini ya mazingira ya mradi wowote itakapowekwa wazi na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kuomba maoni ya wananchi, mwenye daftari la miaka mitatu atasikika tofauti na mwenye hasira ya wiki moja.

Na usiogope sheria, imeandikwa kwa ajili yako. Ibara ya 42 ya Katiba inakupa haki ya mazingira safi, na ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani kuitetea bila kuthibitisha kwamba umekwisha kuumia. Watu wa Lamu walipita njia kama hiyo. Juni 2019 baraza la kitaifa la kuamua kesi za mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, na moja ya sababu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi na wenye mashua waliishinda kwa kuonyesha kwamba hawakuulizwa kwa namna ya kweli.

Mchukue binamu yako mtoni pia. Si lazima apige kasia. Mkalishe mbele ya rafti, mvalishe boya na kofia, mshushe mkondo mmoja mdogo, kisha mkae ukingoni mle mahindi. Mwombe akufundishe yeye jinsi mashine inavyokula maji na kwa nini jioni inahitaji zaidi. Nimejifunza mengi kuhusu ratiba za kufungulia maji kutoka kwa mafundi wa mitambo, na wawili kati yao walinisaidia kuandika pendekezo la kuacha maji kidogo zaidi yapite asubuhi ili wavuvi wa chini wapate. Hawakuwa maadui. Walikuwa hawajawahi kufika chini ya ukuta wao wenyewe.

Januari beba kasia la akiba, kamba ya kuokolea ya mita 20 iliyokaguliwa, na dawa ya masikio. Ukishuka kutoka Itanda, pita upande wa Busoga kwa mama anayekaanga samaki karibu na njia ya miguu, mwambie umetumwa na Dada wa Tana, umwulize maji yalikuwa wapi wiki iliyopita. Ana jiwe lake.